Umbo la Mtu ni la Nani?



Kwa miezi kadhaa sasa swali moja linazunguka katika paruasi zetu. Vijana wamepata chombo kidogo cha kushika mkononi ambacho kinachukua umbo zima la mtu na kuliweka ndani ya kompyuta. Wengine wanafurahi na kujipanga foleni. Wengine wanakimbia, wakisema chombo kinabeba roho. Wako mama waliouliza kama ni vizuri mtoto mchanga apimwe. Wako pia waliokuja na shauri la kutengeneza sanamu ndogo za viongozi wetu ili ziuzwe siku ya sikukuu. Hatukutaka kujibu kila mtu mlangoni pake kwa neno la haraka. Tumeona heri tulitazame swali lenyewe mbele ya wote: umbo la mtu likitolewa kwake na kuwekwa mahali pengine, ni la nani?

1. Chombo hiki kinafanya kazi gani?

Kwanza tujue tunasema juu ya nini, maana hukumu isiyo na ujuzi ni kelele tu. Chombo kinaitwa skana. Kinatupa juu ya mwili mwanga wenye vitone au mistari mingi, na mara nyingi ni mwanga ambao macho yetu hayauoni. Karibu na taa hiyo kuna kamera. Vitone vikianguka juu ya ukuta ulionyooka, vinabaki katika mpango wake. Vikianguka juu ya pua au juu ya shavu, vinasogea. Kamera inaona vimesogea kiasi gani, na kompyuta inahesabu umbali wa kila mahali. Mwenye chombo anamzunguka mtu kwa dakika chache, naye anayepimwa anakaa kimya. Kisha kompyuta inaunganisha vipande vyote kama fundi anavyoshona nguo, lakini nguo hiyo imefumwa kwa pembetatu ndogo maelfu kwa maelfu. Nywele nyeusi zinakisumbua chombo, miwani inakisumbua, na mtoto asiyetulia anatokea na sura iliyopotoka.

Zamani vyombo vya namna hii vilikuwa vya viwanda vikubwa tu, na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, chombo cha michezo ya video, kwa dola 150 hivi huko Marekani, na watu wakagundua kwamba kinaweza kupima umbo la mtu. Mwaka 2013 kampuni ya 3D Systems iliuza skana ya mkononi iitwayo Sense kwa dola 399. Mwaka 2020 Apple ikaweka kipimo cha mwanga ndani ya telefoni yake ya iPhone 12 Pro. Kwa hiyo jambo hili halitarudi lilikotoka. Limekwisha kuingia katika mifuko ya watu.

Sasa shikeni neno moja, maana tutalirudia. Mfano ule ndani ya kompyuta ni ngozi tupu, ngozi isiyo na unene wowote. Ukiupasua hukuti damu, hukuti mfupa, hukuti wazo wala kilio. Chombo kinaona kile ambacho mwanga umegusa, basi.

2. Si uchawi, lakini si mchezo

Kwa hiyo tunawajibu wanaoogopa: roho ya mtu haiingii katika mashini. Samweli alipokwenda nyumbani mwa Yese kumtafuta mfalme, Mungu alimfundisha kwamba wanadamu wanatazama sura ya nje, lakini yeye anatazama moyo. Skana ni jicho la mwanadamu lililoongezwa nguvu. Linaishia pale pale jicho la mwanadamu linapoishia. Anayesema chombo cha dola mia chache kimechukua nafsi aliyoipuliza Mungu, anakipa chombo heshima isiyo yake.

Lakini wako wengine wanaosema: basi kama ni ngozi tupu, ni mchezo tu, fanyeni mnavyotaka. Hao nao tunawauliza swali. Mama mmoja ana foto ya mwanawe aliyekufa. Mtu akiingia nyumbani akaitemea mate foto ile, je, mama atasema ni karatasi tu? Hatasema hivyo. Atalia, na kila mtu katika kartie ataona ana haki ya kulia. Kwa nini? Foto si mwanawe, na mama anajua hivyo kuliko wote. Lakini foto inaelekea kwa mwanawe, kama vile njia inavyoelekea kijijini. Anayetupa takataka njiani hajaitupa ndani ya nyumba, lakini wenye kijiji wanajua amewadharau.

Ndivyo ulivyo mfano wa mtu. Mtu mwenyewe hayumo ndani yake, lakini unaelekea kwake. Tena mfano huu unazidi foto, kwa sababu unaweza kugeuzwa. Foto inabaki ilivyopigwa. Mfano wa skana unaweza kuvikwa nguo nyingine au kuvuliwa nguo, unaweza kuchezeshwa, kutembezwa, kuwekwa mahali ambapo mwenyewe hajafika, na kufanyishwa jambo ambalo mwenyewe hawezi kulifanya. Binti wa kwaya aliyepimwa leo akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, kesho anaweza kuonyeshwa kwa namna ambayo baba yake hawezi kuitazama. Aibu itamwangukia binti, wala haitaiangukia kompyuta.

3. Babu zetu walikwisha kupimwa

Ndugu, sisi Wakongomani hatuanzi leo kuchukuliwa maumbo. Mwaka 1911, miaka mitatu baada ya Kongo kuwa koloni ya Ubelgiji, mchonga-sanamu Arsène Matton alitumwa huku na wizara ya makoloni. Alichukua maumbo ya watu hai kwa plasta, akayapeleka kwao kwa ajili ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Alitengeneza pia sanamu kubwa za rangi ya dhahabu zilizowekwa katika ukumbi wa mviringo wa nyumba ile, na moja kati yake inaonyesha Ubelgiji ikileta ustaarabu Kongo. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwezi wa 12 mwaka 2018, sanamu hizo zilikuwa bado mahali pake, kwa kuwa jengo linalindwa na sheria. Mbele yake ikawekwa kazi mpya ya Mkongomani Aimé Mpane, kichwa kikubwa cha mbao.

Huko Namibia mwaka 1931 msanii Mjerumani Hans Lichtenecker alifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Alifunika nyuso za watu kwa plasta, na pamoja na hayo akaandika sauti zao juu ya mitungi ya nta. Yeye alitaka sauti tu, wala hakuelewa lugha zote zilizosemwa. Miaka mingi baadaye maneno yale yalitafsiriwa, na ikaonekana kwamba baadhi ya watu walikuwa wanalalamika. Walisema juu ya maumivu na juu ya jinsi walivyotendewa. Umbo lilichukuliwa, na neno la mwenye umbo likakaa miaka mingi bila msikilizaji.

Wako ambao hawakuchukuliwa umbo tu. Ndugu zetu wa Tanganyika wanajua habari za mwami Lusinga, ambaye aliuawa mwaka 1884 na watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji.

Hatusemi haya ili kuamsha chuki, wala hatusemi kwamba kijana mwenye skana ni sawa na Storms. Tunayasema kwa sababu yanatufundisha jambo moja. Watu wale waliofunikwa uso kwa plasta, je, walikubali? Labda wengine waliitikia kwa kichwa. Lakini mbele yao alisimama mzungu wa serkali, na nyuma ya mzungu walisimama askari. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana si ndiyo. Ni kimya kilichopewa sauti.

Basi tujipime na sisi. Shemasi akiwaambia wanakwaya wote wapange mstari wapimwe, ni nani atakayekataa mbele ya wenzake? Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake, tajiri akimwambia mtumishi wake wa nyumbani, ni nani atakayekataa? Hatuhitaji askari nyuma yetu ili kumlazimisha mtu. Cheo kinatosha. Ndiyo sababu mwenye cheo anapaswa kuuliza mara mbili, tena amwulize mtu peke yake, na amwonyeshe wazi kwamba mlango wa kukataa uko wazi.

4. Mfano unaoponya na mfano unaokumbusha

Kisha tusikatae mema kwa sababu ya mabaya. Katika nchi yetu wako watu wengi waliokatwa miguu kwa vita, kwa mabomu ya kufukiwa, kwa ajali za barabara na kwa ugonjwa wa sukari. Ili kutengeneza mguu wa bandia, fundi anafunga kisiki cha mguu kwa bande zilizolowa plasta, anangoja zikauke, anamimina plasta nyingine ndani, anachonga, anajaribu, anachonga tena. Kazi hiyo inachukua siku nyingi, na mgonjwa aliyetoka mbali anangoja. Huko Uganda, katika hospitali ya CoRSU iliyo Kisubi, katika miaka ya 2010 walijaribu njia nyingine pamoja na Chuo Kikuu cha Toronto cha Kanada. Walipima kisiki kwa skana ya mkononi, wakarekebisha umbo ndani ya kompyuta, na mashini ikatengeneza kikombe ambamo kisiki kinaingia. Hapa umbo limechukuliwa kwa mtu ili lirudi kwake kama mguu. Nani atakataa hilo?

Tazameni pia kazi ya ukumbusho. Mwaka 2014 wataalamu wa Smithsonian, nyumba kubwa ya makumbusho ya Marekani, walimpima Rais Barack Obama uso na mabega kwa skana za mkononi na kwa mitambo mingine ya taa. Walifuata mfano wa zamani, maana Rais Abraham Lincoln alichukuliwa umbo la uso kwa plasta mara mbili, mwaka 1860 na mwezi wa 2 mwaka 1865. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukitazama nyuso mbili hizo pamoja, unaona jinsi mzigo ule ulivyomchosha mtu. Miezi miwili baada ya ule wa pili aliuawa. Ukumbusho wa namna hiyo una faida: unawafundisha watoto kwamba hata mkubwa wa nchi alikuwa na uso wa mtu, wenye mikunjo na uchovu.

Kwa hiyo papa mzee akitaka wajukuu wake wabaki na umbo lake, na anataka mwenyewe, akiwa na akili timamu, hatuoni kosa. Lakini wajukuu wamwulize pia habari za maisha yake, waziandike. Mjukuu mwenye sura ya babu bila neno la babu amebaki na ganda bila karanga.

5. Je, mtu anaweza kuuza umbo lake?

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Nchini Kenya kampuni ya Worldcoin iliwapiga watu picha za mboni za macho kwa mashini ya mviringo kama mpira, na kuwapa fedha za kompyuta zilizokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Foleni zilikuwa ndefu Nairobi, hata mwezi wa 8 mwaka 2023 serkali ikasimamisha kazi hiyo. Mwezi wa 5 mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari hizo za miili ya watu zifutwe, kwa kuwa sheria ya kuzilinda haikufuatwa.

Mwaka huo huo wa 2023 waigizaji wa sinema wa Marekani waligoma siku 118. Moja ya sababu zao ilikuwa skana. Chama chao kilisema kwamba wenye kampuni walitaka kumpima mwigizaji mdogo, kumlipa siku moja, kisha kutumia umbo lake siku zote. Wenye kampuni walikanusha. Mwishowe mapatano yakaandikwa: hakuna kutumia mfano wa mtu bila ruhusa yake na bila malipo.

Mtu anaweza kutuambia: Shemasi, ninyi mnasema vizuri, lakini watoto wangu hawajala. Mtu akinipa dola 20 kwa umbo langu, umbo ambalo halipungui hata nikilitoa, kwa nini nikatae? Hatumhukumu mtu huyo. Njaa si dhambi, na aliyesimama katika foleni ya Nairobi hakuwa mwovu. Lawama ya kwanza inamwendea mwenye nguvu anayejua kwamba mwenye njaa hatasoma karatasi anayotia sahihi.

Lakini tunamwomba mwenye njaa afikiri pamoja nasi. Ni kweli kwamba umbo halipungui. Mihogo ukiiuza, imekwisha, na wewe unalima mingine. Umbo ukiliuza, bado unalo, na mwenzako naye analo, na wale atakaowapa wanalo, na huwezi kulima uso mwingine. Mihogo ukiiuza, makosa yanaisha na gunia. Uso ukiuuza, unauza pia siku ambazo hazijafika, na siku hizo ni za watoto wako vilevile, kwa kuwa wanafanana nawe.

Tukumbuke habari ya kipande cha fedha cha Kaisari. Yesu alipoulizwa juu ya kodi aliomba aonyeshwe fedha, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Kama sura ni ya Kaisari, fedha imrudie Kaisari. Tumezoea kuhubiri juu ya kodi tu. Lakini fuateni hesabu ile mpaka mwisho. Kipande chenye sura ya Kaisari ni cha Kaisari. Basi mtu, ambaye kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba aliumbwa kwa sura ya Mungu, ni wa nani? Si wa mwenye mashini wala si wa kampuni. Tena, hata yeye mwenyewe si mali yake kama mbuzi alivyo mali yake. Amepewa sura hii aitunze. Mtunzaji anaweza kuazimisha, hata kukodisha, kwa kazi inayojulikana na kwa muda unaojulikana. Lakini kuuza moja kwa moja kitu ulichopewa kutunza hakuna haki.

Sheria ya nchi yetu nayo imeanza kusema. Kanuni ya mambo ya kidijitali iliyotolewa tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inalinda habari za mtu binafsi na kudai ruhusa yake. Sheria ni fimbo nzuri, lakini fimbo haimfikii kila nyoka. Kinachobaki ni dhamiri zetu.

6. Marehemu

Mwaka 2020 televisheni moja ya Korea ya Kusini ilionyesha mama aliyevalishwa miwani ya kompyuta na glovu, akakutanishwa na mfano wa binti yake mdogo aliyekuwa amekufa. Mfano ulisema na kucheka, na mama alinyosha mikono. Watu wengi walilia walipotazama. Wengine waliuliza kama ni faraja au ni kidonda kipya.

Hatutamcheka mama huyo. Kila aliyezika mtoto anajua angetoa nini kwa ajili ya dakika moja. Lakini tukumbuke Sauli kule Endori, aliyetaka kuongea na Samweli aliyekufa kwa sababu alikuwa anaogopa. Hakupata msaada. Alirudi na hofu kubwa kuliko ile aliyokwenda nayo. Na mfano huu wa kompyuta una hatari yake ya pekee: maneno utakayosikia kinywani mwa marehemu yameandikwa na mtu aliye hai. Nani atamzuia mtu huyo kumfanya baba yenu aseme nyumba ni ya nani, au mjane aende wapi? Jamaa zetu zimegawanyika mara nyingi kwa maneno ya marehemu ambayo hakuna aliyeyasikia. Sasa yatasikika, na hayatakuwa kweli zaidi kwa sababu hiyo. Marehemu hawezi kusema ndiyo. Hawezi kusema hapana. Kwa hiyo kama hakuacha ruhusa, mwacheni alale.

7. Sanamu za viongozi

Juu ya shauri la sanamu ndogo za viongozi, tunasema wazi kwamba hatulikubali, na tunatoa sababu. Jangwani Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu mwenyewe, na walioumwa waliponywa. Chombo kile kilikuwa chema tangu mwanzo. Lakini miaka mingi ikapita, watu wakaanza kukifukizia uvumba, hata mfalme Hezekia akakivunjavunja. Kama nyoka aliyeamriwa na Mungu aligeuka kuwa sanamu, je, kitu kilichotolewa na mashini kwa ajili ya kuuzwa kitageuka nini? Leo ataliweka mezani kama pambo. Kesho mgonjwa atalala nalo chini ya kichwa. Keshokutwa mtu atauza la bei kubwa akisema lina nguvu kuliko la jirani. Sisi tunaoomba kwa ajili ya wagonjwa tunajua jinsi maumivu yanavyomfanya mtu ashike chochote. Tusimpe cha kushika kisichoweza kumshika.

8. Shauri letu

Kwa vijana wenye chombo hatusemi mkitupe. Kijana aliyejifunza kazi hii anaweza kuipeleka kwa mafundi wa miguu ya bandia, naye atakuwa baraka. Tunawaomba tu, kabla ya kuwasha taa, mjiulize maneno haya:

Mtu huyu anaweza kunikatalia bila hofu?

Anajua umbo lake litakwenda wapi, nani atalishika, na litafutwa lini?

Kama ni mtoto, je, wazazi wamekubali, na yeye akikua atafurahi kwamba walikubali?

Faida itamrudia yeye, au itabaki kwangu?

Je, kama angekuwa mama yangu, ningefanya hivi?

Anayeweza kujibu maswali haya mbele ya watu na mbele ya Mungu, apime. Anayeona aibu kwa swali moja tu, azime taa, amshukuru aliyekaa mbele yake, amwache aende zake na uso wake.

Amani iwe katika nyumba zenu zote.